Kete Aliyoikataa Tantine

Jumapili jioni, binti yangu anapopaka viatu vyake vya shule sirage nyeusi, nyumba nzima inanuka shangazi yangu. Wanawake wa watu wengine hukumbukwa kwa manukato. Mimi namkumbuka huyu dada mkubwa wa baba yangu kwa sirage ya viatu, na nasema hivyo kwa heshima zote. Sisi watoto tulimwita Tantine, mtaa mzima wa Hewa Bora ukamwita Tantine, na hata padri alipokuja kubariki nyumba yetu alimwita Tantine. Jina lake la ubatizo nililijua nikiwa tayari mtu mzima, nikaona halimfai.

Sirage yenyewe ilikuwa ya sataranji. Mama yangu aliingia katika ndoa na masufuria, vitenge, na sanduku la kete zilizochongwa na baba yake katika karakana ya mgodi, alikofanya kazi tangu alipoteremka kutoka Mitwaba. Babu huyo alikuwa amemfundisha binti yake kucheza kabla hajamfundisha kuendesha baiskeli. Kete nyeupe zilikuwa za mti mtupu. Kete nyeusi zilipakwa rangi, na rangi ilikuwa imebabuka. Tantine alichukia kuongoza jeshi lililobabuka. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya misa na kabla ya chakula, alikaa barazani na kopo la sirage na kitambaa, akasugua mfalme, malkia na askari wao mmoja mmoja mpaka wakang'aa kama viatu vya mwanasheria. Vidole vyake havikutakata kamwe. Kitambaa chetu cha meza nacho hakikutakata, na Mama hakuthubutu kusema neno.

Hakuthubutu kwa sababu Tantine alikuwa mume wake. Wenzangu mliolelewa na watu wa Kasai mmeshanielewa, wengine nawaeleza. Kwa ukoo wa baba yangu, dada wa mume naye ni mume. Tantine alimwita Mama "bibi yangu" sokoni, kanisani na mbele ya wageni, na Mama akaitika. Na kuku akichinjwa, firigisi ni ya mume. Mke haimegi, haionji, haisahau ndani ya sufuria. Mama, ambaye kwao kaskazini mwa Katanga firigisi ilikuwa nyama kama nyama nyingine, alijifunza jambo hilo mara tu baada ya harusi, akalishika kuliko wenye ukoo wenyewe. Siku Tantine akiwepo, Papa alimsogezea dada yake bakuli, na firigisi ikaenda kwake. Aliitafuna polepole huku akitutazama sisi watoto, ili tuione vizuri inavyotuaga.

Chakula kikiisha, meza ilifutwa, ubao ukawekwa. Mama alicheza nyeupe kila mara, kwa kuwa Tantine alisema nyeusi ni za mtu asiye na haraka. Na Mama alianza kwa namna ile ile kila mara. Alisogeza askari wa mbele ya malkia hatua mbili. Tantine akaweka wake uso kwa uso. Halafu Mama akasogeza askari mwingine, jirani wa yule wa kwanza, akamwacha pale pale ambapo askari wa Tantine angeweza kumla bure, bila jasho. Sasa najua ufunguzi huo una jina, na kwamba umechezwa na mabingwa wa dunia nzima. Wakati ule nilijua tu kwamba Mama alikunja mikono mapajani, akainamisha kichwa kidogo, na kumkaribisha kwa wingi wa heshima na kwa jina la ndugu mkubwa:

"Mukule, Yaya."

Tantine akala. Na saa moja baadaye, Tantine akashinda.

Kwa akili yangu hapakuwa na fumbo. Yule askari alikuwa firigisi. Mke anampa mume kipande chake kwanza, ndipo watu wengine waendelee na mambo yao. Niliona ni desturi nzuri, ingawa ilinichoma kidogo, kama firigisi yenyewe ilivyonichoma. Siku moja nilimfuata Mama jikoni nikamuuliza juu ya yule askari, ambaye kwa Kifaransa tulimwita pion.

"Mama, ile pion unamupatiaka Tantine, iko sawa firigisi?"

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Iko sawa vile, mwana. Lakini firigisi nayo inakuwaka na muchanga ndani."

Nilidhani ananifundisha kusafisha kuku. Nikaitika, nikaenda zangu.

Sikuwa peke yangu kumhesabu askari yule kuwa zawadi. Kaka mkubwa wa baba yangu, ambaye tulimwita Papa Mukubwa, alikuwa akija na yeye Jumapili, akikaa kwenye kiti chenye mikono na kuutazama ubao bila kujua farasi anakwenda vipi. Lakini mambo ya ukoo aliyajua yote. Kila Tantine aliposhinda, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Uyu bibi iko na akili. Anajua nani wa kuachilia." Alimaanisha kwamba Mama anashindwa kwa makusudi. Mama alikusanya kete, na mdomo wake ukawa na kitabasamu ambacho sikukielewa. Tantine alisikia maneno yale Jumapili baada ya Jumapili. Mwanzoni aliyacheka. Baadaye hakuyacheka tena.

Kisha klabu moja ya sataranji mjini ikatangaza mashindano ya wanawake. Atakayeshinda angepelekwa Kinshasa, kwa ndege, kuuwakilisha mkoa wetu kati ya wanawake wa nchi nzima. Mama hakuwahi kupanda ndege. Hakuwahi kutoka Katanga. Alijiandikisha bila kumwuliza mtu, jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa sawa na kuhamisha choo. Tantine aliposikia, naye akajiandikisha, akarudi kwenye biashara yake ya samaki na unga kwenye barabara ya Kasomeno kama mtu aliyekwenda kununua chumvi tu. Waliwatoa wanafunzi wa chuo kikuu, wakamtoa muuguzi mmoja hodari, wakamtoa mwalimu wa hesabu aliyekuja na mume wake kumbebea mkoba. Mwisho wakabaki wao wawili, mke na mume wake, na fainali ikawekwa Jumamosi katika ukumbi wa parokia.

Papa Mukubwa alikuja kabla ya siku hiyo. Hakuwa na kawaida ya kuja siku ya kazi. Alikunywa maji, akasifu watoto, akauliza bei ya makaa, halafu akafika alikokuwa anakwenda.

"Mama wa batoto, Tantine njo mukubwa. Kule Kinshasa iko na bandugu. Weye uko na nyumba. Unajua vya kufanya."

"Najua, Papa," Mama akasema.

Nilikuwa nyuma ya pazia, na nililisikia lile "najua" likianguka kama mlango uliofungwa. Jioni hiyo nilimkuta Mama akitwanga sombe kwa nguvu ambazo majani ya muhogo hayakustahili. Nikamwuliza kama atakwenda Kinshasa. Hakunidanganya, Mama hakuwa na kawaida ya kudanganya watoto.

"Naitaka," akasema. "Naitaka sana mpaka nasikia haya."

Jumamosi ile jua lilikuwa kali na vumbi jekundu lilikuwa limeingia ukumbini kabla yetu. Ukoo wote ulikuja, upande wa Papa kwenye mabenchi ya kushoto, upande wa Mama kulia, kama vile harusi inarudiwa. Kete zilikuwa za plastiki za klabu, na Tantine alikuwa amenawa. Sikuwahi kuona vidole vyake vikiwa safi. Vilinitisha. Mwamuzi, bwana mwembamba mwenye filimbi ya mpira wa miguu shingoni, alificha askari katika ngumi zake. Mama akagusa ngumi moja, akapata nyeupe. Saa ya mbao yenye nyuso mbili ikaanza kupiga.

Mama akasogeza askari wa malkia hatua mbili. Tantine akaweka wake uso kwa uso. Na Mama, mbele ya mji mzima, akasogeza yule wa jirani, akamwacha pale pale pa siku zote.

"Bon," Papa Mukubwa akapumua nyuma yangu. "Anamupatia."

Machozi yakanijaa. Kwa hiyo amekubali, nikajiambia. Amempa firigisi, na Kinshasa imekwenda nayo. Nilimkasirikia Mama kwa hasira ambayo mtoto anaweza kuwa nayo kwa mtu anayempenda tu, na nilikuwa bado naijenga hasira ile vizuri pale nilipoona kwamba Tantine hali.

Alikuwa anamtazama yule askari. Sheria ilikataza kuongea, kwa hiyo Mama hakusema "mukule", lakini mikono yake ilikuwa mapajani na kichwa kimeinama kidogo. Tantine akainua mkono. Mkono ukapita juu ya askari yule kama vile hayupo, ukashuka pembeni, ukasogeza askari mwingine mdogo hatua moja. Alikuwa amekataa.

Naomba mnielewe nilikotoka. Kwetu mtu aliweza kukataa kiti. Aliweza kukataa kuongezewa. Lakini kukataa chakula ambacho mke amekuwekea mbele yako, hilo lilikuwa na maana moja tu: unadhani ametia kitu ndani. Wazee wanaitwa, maneno yanatoka, watu wanaapa. Nilishawahi kuona mgeni akisukuma bukari, ugali wetu, kwenye kilio, na familia zile hazikusalimiana tena. Na sasa Tantine alikuwa amemfanyia Mama hivyo ukumbini, mbele ya padri. Nikapanda juu ya benchi.

"Tantine! Juu ya nini munakatala chakula ya Mama? Mama hakutia kintu!"

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Mwamuzi alipuliza filimbi, akasimamisha saa, akaja katikati ya njia akiwa amekodoa macho.

"Silence! Uyu mutoto ni wa nani?"

Papa aliinua macho akasoma dari. Papa Mukubwa aligundua vumbi kwenye suruali yake. Lakini kule mbele, kwenye meza, mikono miwili iliinuka pamoja.

"Ni wangu," akasema Mama.

"Ni wangu," akasema Tantine.

Mwamuzi hakujua ampe onyo nani, akaamua kunichukua mimi. Alinikalisha kwenye kiti kando yake, karibu na saa, anilinde kwa jicho. Hakujua alikuwa amenipa kiti bora kuliko vyote.

Kutoka pale niliona mambo ambayo sikuwahi kuyaona nyumbani. Nyumbani, Tantine akishamla askari yule, ubao ulifunguka, na kete zake nyeusi zikatembea kama watu sokoni. Sasa ulikuwa umefungwa. Ile kete yake ambayo Wafaransa wanaiita fou, ile inayokwenda kimshazari, ilikuwa imezibiwa njia na yule yule askari mdogo aliyemsogeza, ikabaki ndani kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu zake. Tantine alikuwa anacheza mchezo ambao si wake. Mama naye hakuuzoea, niliona kwa jinsi alivyouma ndani ya shavu, lakini alikuwa na nafasi, na nafasi ilimpendeza. Alipandisha farasi katikati. Akaleta ngome. Mkono wake, ambao nyumbani ulisogeza kete kama unaomba msamaha, ukaanza kupiga saa kwa kishindo. Sikuwahi kumwona Mama akipiga kitu kwa furaha namna ile. Nilijivuna mpaka mbavu zikaniuma.

Tantine alipigana. Nawaambia watu wa rika langu ambao mmezoea kusikia kwamba wanawake hao walicheza kama burudani: alipigana mpaka jasho likamdondoka kwenye ubao. Mwishowe ile fou ilipata njia ya kutoka, lakini malkia wa Mama, yule tuliyemwita dame, alikuwa ameshafika mlangoni kwa mfalme, na farasi alikuwa nyuma yake. Tantine alitafuta njia huku, akatafuta kule. Kisha kwa kidole kimoja kisafi akamlaza mfalme wake, akanyoosha mkono.

"Bibi yangu, umenipiga."

Mama aliupokea mkono ule kwa mikono yote miwili, akapiga goti nusu, akalia. Upande wa kulia wa ukumbi ulishangilia. Upande wa kushoto ulingoja kuona uso wa nani utavimba, na Papa Mukubwa alikuwa wa kwanza kufika mezani.

"Lakini Tantine, bibi alikupatia ile pion tangu mwanzo! Ungekula tu!"

"Mi nachoka kupewa," Tantine akajibu. Hakupaza sauti. "Myaka yote nakulaka bya kupewa. Leo nilitaka kujua."

Akachukua mkoba wake akatoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Na iliyofuata tena hakuja. Papa alikwenda kumwona, akarudi na jibu kwamba dada yake ana kazi nyingi. Kuku alichinjwa, firigisi ikakaa ndani ya bakuli mpaka ikapoa, kwa kuwa Papa mwenyewe hakuwa na hamu nayo. Mama alijiandaa kwa Kinshasa peke yake, akicheza nyeupe na nyeusi zote mbili. Alikuwa ameshinda alichokitaka, na alizunguka nyumbani kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Mimi nilidhani Tantine amechukia kushindwa. Nilimhesabu kuwa mtu wa roho ndogo, na nilikuwa tayari kumwambia hivyo kwa mdomo wangu nikimkuta.

Siku ya safari, ukoo mzima ulikwenda uwanja wa ndege, kama ilivyo kwetu, ambako msafiri ni mmoja na wanaosindikiza wanajaza gari. Abiria walikuwa wameanza kuitwa tulipomwona Tantine akikata katikati ya watu na furushi la samaki wakavu, lililofungwa vizuri kwa safari. Alimkabidhi Mama mikononi.

"Uende muzuri. Kule, lakini, bale bantu habatakuachilia sawa vile ulikuwa unaniachilia."

Mama aliweka furushi chini. Akaweka na mkoba chini.

"Yaya, hakuna hata Jumapili moja nilipoteaka kwa kupenda. Mulikuwa munanipiga."

"Usinidanganye mbele ya avion."

"Kweli ya Mungu. Ile mwanzo njo Papa yangu alinifundisha, ingine sijue. Nilikuwa natoa pion juu muingie mu mutego. Mweye munakula, halafu munanipiga. Kila mara. Ile siku ya finale mulikatala, njo mi nikapata njia. Kama mungekula, leo mungekuwa ndani ya avion."

Tantine alisogea karibu zaidi. Sauti ilikuwa inaita abiria, Papa alikuwa anatazama saa yake, na hakuna aliyethubutu kuwagusa.

"Na ile ya Pasaka?"

"Ile ya Pasaka sikulala juu yake."

"Na ile siku ulikimbia ku kuisine, Papa Mukubwa akasema ulienda kuangalia moto?"

"Nilienda kulia. Mulikuwa munakula dame yangu."

"Mais juu ya nini haukusema?"

Mama aliinamisha kichwa, na hapo nikakiona kile kitabasamu chake cha zamani kikiondoka. "Bantu balikuwa banasema naachilia. Ilikuwa inanipendeza kuliko kusema munanipigaka."

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kuelewa, kwamba Tantine hakuwa amechukia kushindwa mara moja. Ile Jumamosi alikuwa ametoka ukumbini akiamini kwamba hakuwahi kushinda hata siku moja, na alikuwa amekaa na jambo hilo peke yake, kule kwenye barabara ya Kasomeno, kati ya samaki na magunia. Sasa nilimwona akirudishiwa Jumapili zake. Zilimjia usoni moja moja. Bega likanyooka, kidevu kikapanda, na macho yake yakawaka kwa kiburi kizuri ambacho sijakiona tena kwa mtu yeyote, hata kwa mabingwa. Alishika mkono wa Mama ili asiondoke, akageuka kule mlangoni ambako Papa Mukubwa alikuwa akinunua maji, akamwita kwa sauti yake yote ya sokoni.

"Yaya! Kuya hapa! Kuya usikie!"

Papa Mukubwa akaja, na wachukuzi wa mizigo wakaja, na askari polisi aliyekuwa pale mlangoni akasogea naye. Tantine akafumba macho.

"Rudilia," akamwambia Mama. "Anzia ku ile ya Pasaka."

Na Mama, huku abiria wa mwisho wakiitwa kwa jina, na la kwake likiwemo, akaanzia kwenye ile ya Pasaka.